Chumba cha Saba

Zilikuwa zimebaki siku tano Speciosa aripoti Dar es Salaam, na hakuwa na mahali pa kulaza ubavu. Daktari mzima, jamani! Wagonjwa wa Biharamulo walimpisha njia akipita na koti lake jeupe, lakini chumba kimoja cha kupanga kilikuwa kimemtoa jasho wiki tatu.

Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, miaka mitatu, nafasi aliyoiomba mara mbili akakosa. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa. Nyumba za karibu na hospitali zilikuwa za watu wanaolipwa kwa dola. Akisogea mbali, kule ambako mshahara wake ungefika, anaambiwa daktari wa zamu akiitwa anatakiwa awe wodini ndani ya nusu saa, na foleni za Dar hazimjui daktari wala mgonjwa. Popote alipouliza, mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dalali alitaka ya mwezi mmoja yake juu.

Katika msako huo alikuwa na msaidizi mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa na moyo wake. Jovitus alikuwa fundi mwashi, mzaliwa wa Nemba, mrefu, mpole, mwenye viganja vilivyokauka kwa saruji na sauti ya chini ambayo Speciosa aliweza kuisikiliza mpaka asahau alichotumwa. Miaka minne nyuma ndiye aliyejenga nyumba ya wazazi wa Speciosa kule Mugoma. Kabla mabati hayajapanda, binti wa nyumba alikuwa ameshapenda, na fundi alikuwa hoi kuliko yeye. Sasa Jovitus alikuwa Nyakanazi akijenga gesti, na posa yake ilikuwa imekubaliwa nusu. Mzee Telesfori, baba yake Speciosa, alisema atatoa jibu lililobaki akishajua binti yake anaelekea wapi.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Dalali wa Dar anamtumia Speciosa video ya chumba, Speciosa anamrushia Jovitus. Jovitus akishanawa mikono jioni anaitazama mara tatu, kisha anatuma ujumbe wa sauti. Anaanza kwa kukohoa kidogo, vumbi la saruji hilo, ndivyo alivyosema siku zote, halafu anaeleza taratibu.

"Spe, umeona rangi ni mpya chini tu, juu ni ya zamani? Pale wamefunika alama ya maji. Masika yakija utaogelea. Hicho usikae."

Chumba cha pili kilikuwa na nondo zilizochomoza darini. Cha tatu hakikuwa na dirisha kabisa. Dalali alikuwa ametundika pazia kwenye ukuta mtupu akalipitisha haraka kwenye video. Siku hiyo walicheka kwenye simu mpaka Speciosa akapaliwa na chai. Cha nne, cha tano, cha sita, ujumbe ulimalizikia palepale: "Hicho usikae, Spe." Alizirudia sauti hizo hata asipokuwa na swali. Alipenda kusikia kwamba yupo mtu anayemwogopea.

Cha saba kilikuja Jumamosi. Kwa macho ya Speciosa kilikuwa chumba kizuri: dirisha pana, sakafu safi, mlango wenye komeo, hospitali mwendo wa miguu. Safari hii Jovitus alichelewa kujibu. Alijibu Jumapili asubuhi, maneno machache.

"Ukuta wa kushoto, karibu na dirisha, umeona pale peupe? Hiyo ni chumvi. Ukuta unanyonya maji. Hicho nacho usikae."

Mchana wake, baada ya misa, walikuwa wote sebuleni Mugoma. Mzee Telesfori aliweka kikombe chini akamgeukia fundi.

"Enhe, cha saba vipi?"

"Hakifai, Baba," Jovitus alisema. Hakumtazama mtu.

"Basi yamekwisha. Mimi huo mji siujui, ila kwenye mambo ya kuta namwamini huyu. Binti, andika barua uahirishe. Siwezi kukulaza kwenye maji, wala siwezi kukuachia ukapange korido na wanaume nisiowajua. Na mwaka huu tumalizane na hili la posa."

Speciosa aliandika barua. Chuo hakikumwahidi kwamba mwaka ujao nafasi itamsubiri. Tangu Jumapili barua ilikuwa ndani ya mkoba wake, na kila alipoingiza mkono kutafuta kalamu aliigusa akautoa mkono haraka.

Jumatano mchana alirudi kutoka kazini, akakaa kitandani kwenye chumba chake cha kupanga pale Biharamulo. Ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa na chumvi, chumvi ya kweli. Jovitus ndiye aliyemwonyesha mwaka jana, amesimama kizingitini kwa adabu huku mama mwenye nyumba akiwakodolea macho. "Chumvi huanza chini, Spe, inapanda. Kingo zake hazina mpangilio. Ukiigusa inakuachia unga." Speciosa alinyoosha mkono akagusa. Vidole vilirudi vyeupe.

Hakujua kwa nini alifungua tena video ya cha saba. Labda ni mazoea ya kazi: mgonjwa akikushinda, unarudi kumpima upya. Aliisimamisha kwenye ukuta wa kushoto, akaikuza.

Pale peupe palikuwa juu, usawa wa kichwa cha mtu. Palikuwa na pembe nne zilizonyooka. Na juu yake, katikati, palikuwa na msumari.

Hiyo haikuwa chumvi. Hapo palikuwa pametundikwa kalenda.

Speciosa alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Hata kibarua wa wiki moja asingekosea pale. Jovitus alikuwa na miaka kumi na miwili kazini.

Aliiacha video iende mpaka mwisho. Dalali alikuwa ametoka nje huku bado anarekodi, na kwenye ukuta wa mbele yalipita maandishi ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake namba ya simu. Speciosa aliinakili, akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Speciosa, napiga kutoka Biharamulo. Nimeona namba yako ukutani, kwenye video ya chumba—"

"Eeh! Daktari! Mama Elick hapa. Nakusubiri tangu juzi, mbona kimya?"

"Unanijua, mama?"

"Fundi wako si alinipigia Jumatatu! Kijana yule ana maswali, utadhani ananiposa mimi. Ukuta umejengwa mwaka gani, mvua zile kubwa maji yaliishia wapi, komeo liko ndani au nje, wapangaji wengine ni watu gani. Akanitoa na simu mpaka chumbani, ati nigonge ukuta asikie. Nimegonga mpaka jirani akauliza kulikoni."

"Akasemaje?" Speciosa aliuliza.

"Akasema mama, chumba chako ni kizima. Nikamwambia sawa, miezi sita. Akanibembeleza, ati pokea mitatu, nitakuja mwenyewe kukujengea upya bafu la uani, sitakudai hata senti tano. Basi nikasema namshikia mpaka Ijumaa. Sasa mwanangu, unakuja au huji? Madalali wananiletea watu kila siku."

"Nitakupigia, mama. Kabla ya Ijumaa nitakupigia."

Alikaa na simu mapajani. Hasira ilimpanda, na ndani ya hasira hiyohiyo mapenzi nayo yakapanda, hayakumpa nafasi hata ya kukasirika vizuri. Alichukua mkoba akatoka.

Probox ya abiria ilimfikisha Nyakanazi saa kumi kasoro. Malori yalikuwa yamejipanga pembezoni mwa barabara, madereva wanakula ugali na samaki vibandani. Jovitus alikuwa juu ya jukwaa, anapanga tofali. Alipomwona alitabasamu kwanza, halafu akaiona sura yake vizuri, tabasamu likaondoka. Aliweka mwiko chini, akashuka.

Walikaa kwenye kibanda cha mama wa chai, ng'ambo ya saiti. Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa.

"Umekuja bila kusema," Jovitus alianza.

"Na wewe hukusema."

Alimwekea simu mezani, picha imesimama palepale. "Hii ni nini?"

Jovitus aliinama kuitazama. Alikohoa, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Kalenda."

"Sema tena."

"Palikuwa na kalenda, Spe."

"Jumapili ilikuwa chumvi."

"Jumapili niliogopa."

Lori moja liliwasha injini, wakasubiri lipite. Speciosa aliiona mikono yake juu ya meza, ile mikono, akaondoa macho.

"Na vile sita?"

"Vile sita nilisema kweli, naapa kwa Mungu. Kila siku nilikuwa nakutafutia kizuri. Ila nikikikosa, nilikuwa nalala nimefurahi, na hilo ndilo lilianza kunitisha. Kikaja cha saba. Nikatazama mara tatu, sikuona kosa. Nikatazama ya nne, ya tano. Nikasema basi, huyu anaondoka."

"Nimeandika barua ya kuahirisha, Jovitus. Imo humu. Kesho ningeituma. Ulikuwepo siku niliyokosa mara ya pili. Ulininunulia mishikaki mitano nikashindwa kula hata mmoja, ukakaa na mimi mpaka jua likazama. Ulijua nafasi hii kwangu ni nini!"

"Nilijua."

"Halafu ukampigia Mama Elick! Ukanishikia chumba! Mtu gani huyo, anakushikia chumba huku anakufungia mlango?"

"Mtu mjinga," Jovitus alisema. "Jumatatu nilipiga nikiomba nisikie ubaya mmoja tu wa kweli, ili nisiwe muongo. Mama wa watu akagonga ukuta, nikasikia umejaa, haulii mtupu. Hapo nikasema, kama nimeshindwa kumwambia, angalau kisimpotee. Nikawa najiambia nitamwambia jioni. Jioni ikifika nasema kesho."

"Uliogopa nini hasa? Niambie, nataka kusikia."

Alizungusha kikombe mara mbili.

"Miaka mitatu. Kule mtakuwa madaktari watupu, mnaelewana kabla mtu hajamaliza sentensi. Mimi nitakuwa yule fundi wa Nyakanazi anayepiga wakati una wagonjwa. Mwanzo utapokea. Halafu utaanza kusema nitakupigia baadaye. Halafu hutapiga."

Speciosa alihisi macho yanamjaa maji. Alitamani kuushika mkono ule wenye saruji, auweke shavuni pale mbele ya madereva wote wa Nyakanazi. Hakuushika.

"Ungesema hivyo," alisema. "Ungesema Spe, naogopa, tungekaa hapa tukaogopa wote wawili. Nakupenda, Jovitus, nakupenda mpaka najikasirikia. Lakini nilikuwa nasikiliza sauti zako kama dawa. Sasa nikizifungua nitajiuliza, hii ni ya chumvi au ya kalenda?"

"Spe, nyufa ziko za aina mbili. Kuna ufa wa lipu, huo unakwangua unaziba, na kuna ufa wa msin—"

"Usinifanye nyumba!"

Mama wa chai aligeukia jiko haraka, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Hata Jovitus alikaribia kucheka, akajizuia.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Hukunidanganya peke yangu. Baba alisema namwamini huyu. Kesho nakwenda Mugoma, ama kuaga ama kuahirisha. Utakuja useme kwa mdomo wako."

Jovitus alijua alichoombwa. Nusu ya nyumba za matofali za upande ule alizijenga yeye, na zote alizipata kwa maneno ya Mzee Telesfori.

"Akisikia, posa imekufa."

"Huenda."

"Na kazi za Mugoma pia."

"Huenda."

Alivuta pumzi. "Saa ngapi?"

"Saa tisa," Speciosa alisema, akainuka, akaacha chai yake imejaa.

Alhamisi saa tisa ilifika, ikapita. Speciosa alikuwa barazani na mama yake, Domisiana, wanapukuchua maharage. Alishamweleza mama yote, na Domisiana alisema tu "mawe!", kama wanavyosema mama wa Kihangaza wakiguswa, akaendelea kupukuchua. Mzee Telesfori alikuwa kwenye kiti chake, redio imeegemea sikio. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro.

"Asipokuja?" mama alinong'ona.

"Asipokuja nitakuwa nimejua."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini vidole vyake vilikuwa vinamwaga maharage nje ya ungo.

Bodaboda ilisikika kwa mbali, ikakata kona kwenye migomba. Jovitus alishuka amevaa shati lake la misa, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Pancha, alieleza, njiani mara mbili. Aliwaamkia wazee, shikamoo Baba, shikamoo Mama, akaitikiwa. Akaonyeshwa kiti, hakukaa.

"Baba, nimekuja kusema jambo. Jumapili nilikuambia chumba cha saba hakifai. Kinafaa. Nilijua kinafaa nikiwa hapahapa sebuleni kwako. Nilisema uongo kwa sababu sikutaka Speciosa aondoke. Nakuomba radhi, wewe na Mama."

Mzee Telesfori alizima redio. Alimtazama fundi, akamtazama binti, akamrudia fundi. Kisha aliinuka, akaingia ndani ya nyumba.

Wakasikia anagonga. Ngo, ngo, ngo. Ukuta wa sebule. Akasogea, ngo, ngo. Ukuta wa chumbani. Wote watatu barazani walikaa wanasikiliza, na Jovitus alikuwa amefumba macho. Baada ya muda mzee alitokea mlangoni.

"Huu wa jikoni uliosema umejaa, umejaa?"

"Umejaa, Baba."

"Na msingi uliosema umekwenda chini mita moja?"

"Mita moja na robo."

"Mimi sikupima." Sauti ya mzee ilikuwa ya chini, na hilo lilimuumiza Speciosa kuliko kelele. "Nilikuwa nimekaa pale, nakunywa urwarwa wangu wa ndizi, nakuangalia unachimba. Nikasema huyu hana haja ya kupimwa. Miaka minne nalala humu sijawahi kugonga ukuta. Leo umenifanya nigonge ukuta wa nyumba yangu."

Jovitus hakujitetea. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke, yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake. Speciosa aliinamisha kichwa kwenye ungo ili asimwone, maana alijua akimwona atasimama.

Domisiana alikung'uta maganda kwenye kitenge chake.

"Telesfori, ulipokuja kunichumbia ulisema una ng'ombe wawili."

"Hayo ni mengine."

"Nilikuta mmoja, naye wa mjomba wako."

"Domisiana, hayo ni mengine!"

"Ni yaleyale. Tofauti ni kwamba wewe hukuja kusema. Nilihesabu mwenyewe."

Speciosa alijiuma mdomo. Mzee alitazama migomba, akajikuna kidevu, akakaa.

"Huyo mama mwenye nyumba ana simu?"

Speciosa alipiga, akaweka sauti kubwa. Mzee Telesfori alisalimia vizuri, akauliza habari za Dar, habari za mvua, habari za watoto. Halafu akakohoa kwa heshima.

"Samahani sana, mama. Nilikuwa naomba, kama hutajali, ugonge ukuta."

"Jamani!" Mama Elick alipiga kelele upande wa pili. "Watu wa huko mna nini na ukuta wangu?"

Lakini aligonga. Mzee aliinamisha sikio kama anavyosikiliza taarifa ya habari, akatikisa kichwa kukubali. Alimshukuru, akamrudishia binti simu.

"Utakwenda," alimwambia. "Ile barua itupe."

Kisha akamgeukia Jovitus. "Wewe, la posa nalirudisha nyuma. Mtu aliyenidanganya akaja mwenyewe bila mimi kumwita, simfukuzi. Ila sikukaribishi tena kama ulivyokuwa umekaribia. Nenda kajenge hilo bafu uliloahidi. Siku binti yangu akiniambia kwa hiari yake kwamba anataka, njoo na wazee wako tuanze upya."

"Asante, Baba."

"Na huko Dar, wewe utalala wapi?"

Wiki tatu fundi alikuwa anakagua vyumba vya mji ule, hakuwahi kujifikiria yeye.

"Saiti, Baba. Mafundi tunalala saiti."

"Saiti yenyewe ni bafu," Domisiana alisema, na hapo hata mzee alishindwa, akacheka.

Speciosa alimsindikiza Jovitus mpaka kwenye njia kubwa. Walitembea wameachana hatua mbili.

"Umenisamehe?"

"Umekuja, ukasema. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mengine sijui bado." Alisimama. "Jumamosi usije stendi Nyakanazi. Nikikuona nitashuka kwenye basi, na sitaki kushuka."

"Sitakuja," Jovitus alisema. Safari hii alimtazama machoni alipokuwa anasema.

Basi la Jumamosi lilifika Nyakanazi asubuhi, likasimama dakika kumi abiria wanunue vitafunwa. Speciosa ndiye aliyemkataza Jovitus kuja, lakini shingo ilimgeuka kila upande akimtafuta, na alipokosa kumwona aliumia kana kwamba ameachwa. Alifungua kifurushi cha karanga alichofungiwa na mama yake. Karatasi ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe: Yah: Ombi la kuahirisha masomo. Domisiana hakuwa mtu wa kupoteza karatasi nzuri. Speciosa alicheka, akatafuna.

Simu ikalia. Ilikuwa video kutoka kwa Jovitus.

Chumba kidogo, ambacho hakuwahi kukiona. Kitanda chembamba, ndoo, pimamaji na mwiko vimetundikwa kwenye misumari. Dirishani imeegemezwa picha ya Speciosa, siku ya mahafali. Mkono wa Jovitus ulijitokeza ukaonyesha kona ya nyuma ya kitanda. Rangi ilikuwa imevimba na kubabuka, unga mweupe umepanda kutoka chini mpaka usawa wa mto. Akagonga. Ukuta ukalia mtupu.

"Hii ndiyo chumvi, Spe," alisema, akakohoa. "Ni kwangu hapa. Nimekaa humu miaka miwili. Nawajengea watu halafu narudi kulala humu, nikaona aibu kukuonyesha. Ukiniuliza nakaa wapi nasema pazuri. Huo nao ulikuwa uongo, tena wa zamani kuliko ule wa kalenda. Sina mwingine. Nimetafuta."

Speciosa aliitazama mara tatu, kama alivyofundishwa. Mara ya tatu alisikiliza kile kikohozi peke yake, kwa masikio ya kazi yake, akakumbuka jioni zote alizoambiwa ni vumbi la saruji. Miaka miwili mtu wake alikuwa amelala kwenye ukuta wenye maji huku akimchagulia yeye vyumba vikavu. Ile hasira ya tangu Jumatano ilimwisha, na alilia kidogo, bila kujificha, mpaka mama wa kiti cha jirani akampa leso.

Basi lilianza kusogea. Alibonyeza kurekodi, akaileta simu mdomoni.

"Nimeona," alisema. "Hicho kikohozi si cha saruji, Jovi. Hicho usikae. Tafuta kingine wiki hii, unitumie video nikitazame kabla hujalipa."

Akatuma. Basi lilikuwa limeshika barabara ya Kahama alipobonyeza tena.

"Na upime vizuri. Kiwe kinaingia kitanda cha watu wawili, tano kwa sita."